Chujio la maji ya kupoza moteri ya boti: fasi ya kuliweka na nani wa kulichunga



Somo la toleo hili linaenda kwa koperative za kando ya Ziwa Tanganyika ambazo ziko na boti yao, ya mbao ao ya chuma, yenye moteri ya mazutu iliyofungwa ndani. Wenye moteri ya kuninginia nyuma wanaweza kusoma kwa faida ya baadaye tu: moteri ile inavuta maji kupitia mguu wake uliomo ziwani, na haina fasi ya kuweka chujio tunalolisema hapa.

Kuna wamemba watakaouliza: barua ya wakulima imeanza lini kufundisha mambo ya moteri? Jibu liko mu magunia. Barabara ya Uvira kwenda Baraka na Fizi inakatika mara na mara wakati wa mvua, na vijiji vingi vya kusini, kuelekea Kalemie na Moba, vinategemea maji kwa kupeleka mavuno sokoni. Muhogo, mahindi, mchele wa bonde la Ruzizi, mawese, ndagala: vyote vinapanda boti. Boti ikizimika katikati ya ziwa, jasho la familia nyingi limezimika nayo, na watu waliokaa juu ya magunia wako mikononi mwa upepo. Na kati ya vitu vinavyoweza kuzimisha moteri ziwani, kimoja ni kidogo sana: sashe.

Maji yanapita wapi

Moteri ya mazutu inatumia karibu sehemu moja katika tatu ya nguvu ya mazutu kwa kuzungusha pangaboi. Sehemu zinazobaki zinageuka joto. Joto lingine linatoka na moshi, lingine linabaki ndani ya chuma, na hilo linapashwa kuondolewa kila dakika. Gari linaliondoa kwa upepo unaopiga radiateri. Boti haina upepo huo chini ya sakafu yake, lakini iko na ziwa zima. Basi inavuta maji, inayapitisha kwenye moteri, inayarudisha ziwani.

Ile siku mutakaposhuka ndani ya boti yenu, fuateni njia hiyo kwa kidole. Kwanza kuna tundu katika tumbo la boti, chini ya usawa wa maji. Juu ya tundu hilo kuna robine. Kutoka robine kuna tiyo inayofika kwenye pompi ndogo iliyofungwa ubavuni mwa moteri. Ndani ya pompi mna gurudumu dogo la mpira lenye mabawa, ambayo yanajipinda yakizunguka na kusukuma maji mbele. Kisha njia inategemea aina ya moteri. Katika zingine, maji ya ziwa yanaingia moja kwa moja ndani ya chuma cha moteri. Katika zingine, moteri iko na maji yake yaliyofungwa kama ya gari, na maji ya ziwa yanapita tu katika kipozeo, chombo chenye vijitiyo vyembamba, yanachukua joto la maji yale ya ndani bila kuchanganyika nayo. Mwisho maji yanatoka nje, ama pamoja na moshi, ama kwa tiyo yake peke yake.

Mpira wa pompi unalainishwa na maji hayo hayo. Yakikosa, unazunguka mkavu ukisugua chuma, na dakika chache zinatosha kuuchoma. Mabawa yanakatika, vipande vinasukumwa na kukwama katika vijitiyo vya kipozeo. Hapo hata mukiweka mpira mpya, moteri itaendelea kupata joto, na fundi asiyejua atabadilisha hiki na kile huku pesa ya koperative inaisha. Kama hakuna aliyeangalia saa ya joto, kichwa cha moteri kinapindika ao kinapasuka, maji yanaingia mu mafuta ya moteri, na hiyo si kazi ya kumaliza pale pale kwenye mchanga.

Chujio linakaa kati ya robine na pompi. Hapo tu. Likiwekwa nyuma ya pompi, pompi itakuwa imekwisha kumeza uchafu mbele ya chujio kuuona.

Kinachoingia

Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu pale Bukavu, unashuka bonde lote na kumwaga katika Tanganyika kati ya Uvira na Bujumbura. Wanaojua bwawa la umeme la Ruzizi I wamekwisha kuona namna gani chupa na masashe vinakusanyika mbele ya mitambo na kuisumbua. Bwawa lenyewe, na ukubwa wake wote, haliwezi kukaa bila vyuma vya kuzuia takataka mbele ya maji yanayoingia. Boti yenu inakunywa maji ya ziwa ambalo mto huo unamwagia.

Kuna na mito inayoshuka mlimani kwa nguvu. Mulongwe ulipofurika Uvira mu Aprili 2020 ulibeba nyumba pamoja na vyombo vyake. Na katika miaka hii ziwa lenyewe limepanda, tena sana mu 2024, likafunika nyumba na mashamba ya kando. Mabua, makuti, kamba na vitambaa vilivyokuwa nchi kavu, sasa viko ndani ya maji, mara nyingi pale pale boti zinapoegesha. Ongezeni vipande vya nyavu na majani ya maji. Wakati wa mvua uchafu ni mwingi zaidi karibu na midomo ya mito. Wakati wa kiangazi, upepo wa kusini unavuruga kandokando na kuinua kilichokuwa kimelala chini.

Mchanga ni jambo lingine. Chujio halizuii mchanga mwembamba, na musijaribu kulifanya lizuie. Tumeona boti ambamo watu walizungusha kitambaa cha neti ya mbu kwenye kikapu, wakifikiri wanaisaidia moteri. Kitambaa kile kinaziba kwa muda mfupi, na moteri inabaki na kiu. Juu ya mchanga dawa ni moja: kapiteni asichochee moteri kwa nguvu fasi maji ni mafupi.

Kununua ao kutengenezesha

Chujio zuri lina mwili wa bronzi, wa chuma cha inoksi ao wa plastiki ngumu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kikapu chenye matundu ndani, na kifuniko kinachofunguliwa kwa mkono. Kifuniko cha kuona ndani ni faida kubwa: kapiteni anaangalia na tochi bila kufungua kitu. Lakini kinapasuka kikikazwa na kle. Mkono unatosha.

Kipimo cha kwanza ni mdomo. Mdomo wa chujio na tiyo yake visikuwe vidogo kuliko mdomo wa pompi. Pompi ikiwa na mdomo wa milimita 25, chujio la milimita 19 litaifunga koo hata likiwa safi kabisa. Wauzaji watawaambia "litaenea, tutaweka kipunguzo". Kataeni.

Kipimo cha pili ni matundu ya kikapu, na hapa hesabu inasaidia, zaidi kwa wale wanaotengenezesha kwa fundi wa kuchomelea. Tiyo ya milimita 25 ndani iko na mlango wa karibu milimita mraba 490. Tundu moja la milimita 3 liko na milimita mraba 7. Basi matundu 70 ndiyo sawa na tiyo. Lakini kikapu chenye matundu 70 kikifunikwa nusu na jani moja, moteri imekosa nusu ya maji yake. Sisi tunashauri angalau mara tano: matundu 350. Kwa tiyo ya milimita 32, hesabuni karibu 600. Ni kazi ya kuchosha kutoboa, tunajua, na fundi atataka kufanya matundu makubwa machache. Matundu ya milimita 8 yanapitisha kipande cha mfuko wa plastiki bila shida. Afadhali kununua bati la inoksi lililokwisha kutobolewa na kulikunja.

Kuhusu machujio yanayotengenezwa na tiyo za PVC za nyumba: kwa kumwagilia bustani ni sawa. Ndani ya boti ya mizigo hatuyashauri. Gunia likidondoka juu yake, boti iko na tundu chini ya maji.

Fasi ya kulifunga

Hapa ndipo kazi nyingi zinaharibikia, maana fundi anatafuta fasi rahisi kwake, siku boti iko tupu na imevutwa kwenye mchanga. Boti ya koperative haikai tupu. Ikibeba magunia inashuka, na usawa wa maji unapanda ubavuni. Kwa hiyo mbele ya kununua hata buloni moja, fanyeni hivi: siku ya mzigo kamili, boti ikiwa imetulia, mtu ashuke ndani na kupima kutoka ukingo wa juu wa boti mpaka kwenye maji, upande wa nje, pale karibu na moteri. Kipimo hicho akirudishe upande wa ndani, apige alama ya makaa kwenye ubavu. Hiyo ndiyo alama ya mzigo. Kisha fanyeni vile vile siku boti iko tupu. Muko na alama mbili.

Kifuniko cha chujio kinapashwa kukaa juu kidogo ya alama ya mzigo, karibu upana wa kiganja. Kikikaa chini ya alama hiyo, na mtu akasahau robine wazi, siku ya kufungua kifuniko maji ya ziwa yatapanda ndani mpaka yatafute usawa wake, na usawa wake uko juu ya miguu yenu. Kikikaa juu sana, pompi itavuta kwa shida, zaidi asubuhi boti ikiwa tupu. Kama umbo la boti halikubali kiganja hicho, na kifuniko kinabaki chini ya alama, musikate tamaa, lakini robine iwe nzima kabisa, inayofunga mpaka tone la mwisho, na kila mfanyakazi wa boti ajue.

Robine nayo mara nyingi imekaa miaka bila kuzungushwa. Ijaribuni leo. Kama haizunguki, somo la chujio lingojee: boti ivutwe nchi kavu, robine ibadilishwe kwanza. Hatujui kazi ya chujio inayofaa kuanza juu ya robine iliyokufa.

Angalieni tena mkono wa mtu. Juu ya kifuniko kubaki nafasi ya kuinua kikapu chote, na mkono juu yake. Wengine wanafunga chujio vizuri, kisha wanapigilia mbao za sakafu juu, na magunia juu ya mbao. Chujio hilo litafunguliwa ile siku moteri imekwisha kuungua. Kateni mlango mdogo katika sakafu, na mupige rangi nyekundu kuuzunguka: hapa gunia halikai. Mlango huo utakula fasi ya gunia moja ao mawili, na tunajua makelele yatakayotoka juu ya magunia hayo mawili. Komite iamue mapema.

Musilifunge juu ya batri wala juu ya mkanda wa moteri. Kila mara kikapu kinapotoka kinadondosha maji.

Kufunga

Boti iwe nchi kavu, ao robine ifungwe na kuhakikishwa. Fungeni chujio kwenye ubavu wa boti ao kwenye ubao mnene uliokazwa kwa mbavu mbili, kwa buloni zinazopita mpaka upande wa pili, si kwa misumari. Moteri ya mazutu inatetemesha kila kitu. Chujio lisiningʼinie kwenye tiyo zake.

Mwilini mwa chujio kuna mshale. Unaonyesha njia ya maji: kutoka robine, kwenda pompi. Kwenye machujio mengi maji yanaingia ndani ya kikapu na kutokea nje yake, ili uchafu ubaki ndani na utoke pamoja na kikapu. Likigeuzwa, uchafu unashika nje ya kikapu, na siku ya kukiinua unadondoka chini na kwenda na maji. Lililotengenezwa na fundi wenu halina mshale. Mwambieni auchore na patasi.

Tiyo iwe ile ngumu, yenye waya ndani ya kuta zake. Tiyo laini ya kumwagilia inasimama vizuri moteri ikienda polepole, lakini kapiteni akiongeza mwendo pompi inavuta kwa nguvu, tiyo inajibana kama mrija wa soda unaofyonzwa, na maji yanakatika. Kisha moteri ikirudi polepole tiyo inafunguka, na watu wanazunguka siku tatu wakitafuta ugonjwa ambao hauonekani boti ikisimama. Tiyo iwe fupi, isipande na kushuka kama nyoka, maana kila mgongo unafungia hewa.

Kila ncha ya tiyo ipate mikanda miwili ya chuma cha inoksi, kama mdomo ni mrefu wa kutosha kuishika yote miwili. Mkanda wa waya wa kuzungusha na koleo tunaujua, umesaidia wengi, lakini si chini ya usawa wa maji. Nyuzi za kuzungusha zizungushiwe utepe wa teflon. Mpira wa kifuniko upakwe grisi kidogo.

Pale pale kwenye robine, fungeni kwa kamba kizibo cha mti laini kilichochongwa kama karoti, kinachoingia katika tundu la boti. Siku tiyo itakapochomoka ao robine itakapovunjika, hakuna atakayekuwa na wakati wa kuchonga.

Kujaribu

Mbele ya kuwasha, mimineni ndoo ya maji ndani ya chujio mpaka lijae, fungeni kifuniko, kisha fungueni robine. Hivyo pompi haitaanza kwa kuvuta hewa. Washeni, na mtu mmoja asimame akiangalia fasi maji yanapotokea. Dakika moja ikiisha bila maji, zimeni.

Kuvuja kwa upande huu wa pompi kuna ujanja wake. Moteri ikizimwa, maji yanadondoka nje ya kiungo kibaya, kama kiko chini ya usawa wa ziwa, na munaona. Lakini moteri ikifanya kazi hakidondoshi kitu: kinavuta hewa ndani. Wenye kifuniko cha kuona wataona mapovu. Wengine wapake povu la sabuni kwenye kila kiungo moteri ikizunguka. Pale povu linapofyonzwa ndani, ndipo penye tundu. Hewa ndogo tu inatosha kufanya pompi iachilie maji, kwa hiyo chujio lenye kifuniko kilicholegea linaweza kuwa baya kuliko kutokuwa na chujio. Rudieni jaribio hilo boti ikiwa tupu na ikiwa na mzigo.

Safari ya kwanza iwe fupi, karibu na kando, na tochi, turnevisi na makasia ndani ya boti.

Kikapu kinachotoka na hakirudi

Tunakuja kwa jambo ambalo linatushughulisha zaidi ya buloni. Chujio linaziba. Hiyo ndiyo kazi yake. Lisiloziba kamwe halishiki kitu. Lakini wafanyakazi wa boti wanalipwa kwa safari, wenye mizigo wanapiga kelele, giza linaingia, na siku moja kijana mmoja anatosha kikapu, anakitupa nyuma ya bidoni za mazutu, anafunga kifuniko. Kuanzia pale moteri inaenda vizuri kuliko jana. Kila mtu anafurahi. Ukiangalia kwa juu, chujio liko, limefungwa, komite imelilipia. Ndani hamna kitu.

Hatupendi kuwalaumu vijana hawa peke yao. Kama koperative inawalipa kwa safari na kuwakata pesa kwa kuchelewa, koperative ndiyo imetosha kikapu. Komite iandike wazi kwamba dakika kumi za kusafisha ni za koperative, hazikatwi kwa mtu, na mwenye mzigo asiyekubali kungoja atafute boti ingine. Na memba mmoja wa komite, si yule yule kila mara, afungue chujio bila kutangaza, angalau mara moja kwa juma.

Kazi yenyewe ni ya kila asubuhi mbele ya kuondoka, na tena jioni kama boti imepita karibu na mdomo wa mto mvua ikiwa imenyesha. Mtu anafunga robine. Anachukua ufunguo wa kuwashia moteri na kuuningʼiniza kwenye mkono wa robine, ili asiwepo wa kuwasha akisahau kuifungua. Wenye moteri ya kuwasha na manivela waningʼinize manivela. Anafungua kifuniko, anainua kikapu, anakisuuza na kukipiga piga. Anapangusa mpira wa kifuniko na fasi unapokaa, maana punje moja ya mchanga pale ni mlango wa hewa. Anarudisha, anafunga kwa mkono, anafungua robine, anachukua ufunguo. Aliyezoea hamalizi dakika tano.

Kwa mwezi mara moja, kapiteni apapase kila mkanda na turnevisi, na azungushe robine mara kadhaa ili isigande.

Likiziba ziwani

Dalili ya kwanza ni sauti. Kwenye boti ambazo maji yanatoka pamoja na moshi, mlio unageuka kuwa mkavu na mkali, na moshi unachanganyika na mvuke. Wengine wataona maji yamepungua ubavuni, kisha saa ya joto inapanda. Kapiteni asingoje mkono wa saa ufike mu nyekundu. Apunguze mwendo, atoshe gia, na kama maji hayarudi mara moja, azime. Mbele ya kuzima aangalie upepo unawapeleka wapi: ikiwa ni kwenye mawe, nanga iwe tayari ao makasia yashikwe. Asafirishe abiria kwa maneno ya utulivu. Watu wakisimama wote upande mmoja kuangalia moteri, hatari ya boti kupinduka ni kubwa kuliko ya moteri kuungua.

Kisha robine, kifuniko, kikapu, kama asubuhi. Kikapu kikiwa safi, uchafu uko chini zaidi, kwenye tundu la boti. Tosheni kikapu, fungueni robine kidogo: maji yakija kwa nguvu mpaka kwenye chujio, tundu ni zima, tafuteni kwenye pompi. Yasipokuja, na chujio liko chini ya usawa wa maji, sashe imebandikwa nje. Kurudisha boti nyuma kwa kasia wakati mwingine kunaiachisha; isipoachia, mtu anayejua kuogelea, mwenye kamba kiunoni, moteri ikiwa imezimwa na ufunguo uko mu mfuko wake, anashuka kuitosha.

Moteri iliyopata joto sana iachwe ipoe yenyewe. Kumwagia maji baridi kwenye chuma chenye joto kunakipasua, na kufungua kifuniko cha maji ya ndani kunarusha mvuke usoni. Nusu saa ya kungoja ni ndefu ziwani, tunakubali. Ikiwa mpira wa pompi umeguswa, hesabuni mabawa yake mukiufungua. Kama ulikuwa na mabawa sita na munaona manne, mawili yako mbele, ndani ya kipozeo, na yanapashwa kutafutwa mbele ya kuweka mpira mpya. Mpira mmoja wa akiba, wa moteri yenu na si wa moteri inayofanana, ukae ndani ya boti pamoja na mpira wa kifuniko na mikanda miwili.

Kitabu cha chujio

Daftari ya shule inatosha. Kila asubuhi aliyefungua aandike tarehe, jina lake, fasi boti ililala, na kile alichokikuta: majani, nyavu, masashe, hakuna kitu. Neno moja linatosha, na asiyejua kuandika achore. Mwishoni mwa msimu wa mvua mukae na daftari hiyo mu mkutano na muhesabu. Kama masashe yanatoka karibu kila mara boti inapolala bandari fulani, na pale pengine munakuta majani tu, muko na jambo la kuzungumza na wakubwa wa bandari ile, na muko na sababu ya kuegesha mbali kidogo na mdomo wa mto. Koperative zitakazoanza daftari mu Oktoba hii zituletee nakala mu Juni. Tutaziweka pamoja na kuchapisha, bandari kwa bandari, toka Uvira mpaka Moba.